Kinywe Kinavyoipokea Lithiamu

Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa usipa wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi kupitia Mbaha hadi Liuli, huingia ziwani na taa. Karabai ya kupigwa pampu na kunyweshwa mafuta ya taa inaelekea kuwa hadithi ya wazee. Mahali pake zimekuja taa za betri, zinazochajiwa mchana kwa sola na kuwashwa usiku. Watu huisifu sola kwa sababu imekaa juu ya bati na kila apitaye anaiona ikipigwa jua. Wengine huisifu balbu. Mimi nataka kusifu kitu ambacho hakuna anayekiona: unga mweusi uliopakwa juu ya karatasi ya shaba ndani ya betri, unaoipokea lithiamu mchana na kuitoa usiku, mamia kwa mamia ya mara, bila kubomoka.

Unga huo ni kinywe. Ni ndugu wa makaa ya mawe yanayochimbwa Ngaka, katika wilaya jirani ya Mbinga, na ndugu wa mbali wa almasi ya Mwadui, kwa kuwa vyote vitatu ni kaboni. Tofauti iko katika mpangilio. Ndani ya kinywe atomu za kaboni zimeshikana katika maumbo ya pembe sita, zikafanya tabaka pana lenye unene wa atomu moja tu, na tabaka hizo zimelala moja juu ya nyingine kama mikeka iliyopangwa stoo. Ndani ya tabaka moja mshikamano ni mkali ajabu. Kati ya tabaka na tabaka ni hafifu kiasi kwamba ukisugua kwa kidole zile za juu huteleza na kukuachia doa. Penseli huandika kwa sababu hiyo hiyo. Nafasi inayozitenganisha ni nanomita 0.335, na ndani ya uwazi huo mwembamba ndimo kazi yote hufanyika.

Betri inapochajiwa, elektroni huingia kwenye kinywe kwa njia ya shaba, na ioni za lithiamu huja kutoka upande wa pili zikiogelea katika elektroliti. Elektroni hazipiti humo, na ioni hazipiti kwenye waya. Zimeachana njia, zikutane ndani ya kaboni. Ioni ya lithiamu hujipenyeza ukingoni mwa tabaka, huteleza hadi ndani, na kutulia katikati ya umbo la pembe sita. Haikai kila umbo. Kinywe kilichojaa kabisa huwa na lithiamu moja kwa kila kaboni sita, na kila umbo lililokaliwa limezungukwa na maumbo matupu pande zote. Tabaka husogea kupisha, kutoka nanomita 0.335 hadi 0.370, yaani kama sehemu moja ya kumi. Ongezeko hilo ni dogo, na hapo ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe. Silikoni nayo hupokea lithiamu, tena nyingi zaidi, lakini huvimba mara tatu na ushee, ikapasuka na kuwa vumbi baada ya kuchajiwa mara chache isipotunzwa kwa mbinu za ziada. Kinywe hupokea kwa kiasi, gramu moja ikibeba miliampea-saa 372 na si zaidi, na kwa sababu hiyo hudumu. Simu yenye betri ya miliampea-saa 5,000 inahitaji zaidi ya gramu 13 za kinywe. Ni kiasi kinachoenea kwenye kiganja.

Wanaofanya kazi hii maabara hutengeneza betri yenye kidirisha cha kioo ili waangalie kinywe kikijaa. Kinaanza na ule ukijivu wake wa siku zote. Lithiamu ikizidi kuingia, kinageuka buluu iliyokoza. Kisha chekundu. Mwisho, kikijaa, kinang'aa rangi ya dhahabu. Mara ya kwanza nilipoona picha hizo nilidhani zimetiwa rangi kwa kompyuta, maana hakuna kitu katika kinywe kinachokuandalia macho kwa dhahabu. Rangi hiyo hutokana na elektroni ambazo lithiamu imeziachia tabaka za kaboni. Kadiri zinavyoongezeka, ndivyo mwanga unavyoakisiwa kwa namna nyingine. Ukiitoa chaji, dhahabu inarudi kuwa nyekundu, nyekundu ikawa buluu, hadi kijivu. Hakuna kilichoungua na hakuna kilichopotea. Rangi hizo zipo katika kila betri inayotumia kinywe, ya taa au ya simu, na zimefungiwa gizani.

Lithiamu haiingii ovyo. Haijazi nafasi zote kidogo kidogo kwa pamoja. Mwanzoni hujaza nafasi moja na kuruka kadhaa, kisha hujaza moja na kuruka mbili, kisha moja na kuruka moja, na mwisho hujaza zote. Wajerumani wawili, Walter Rüdorff na Ulrich Hofmann, waliueleza mpangilio huu wa ngazi mwaka 1938 walipokuwa wakichunguza kinywe kilichopokea asidi, na lithiamu ilipokuja kuchunguzwa ikaonekana inafuata utaratibu uo huo. Sababu yake inaeleweka: kuachanisha tabaka mbili kunagharimu nguvu, kwa hiyo nafasi ikishafunguka ni nafuu kuijaza hiyo kuliko kufungua nyingine.

Lakini hapo kuna fumbo lililonishika kwa muda mrefu. Ioni haiwezi kutoboa tabaka la kaboni lililo zima. Matundu ya pembe sita ni madogo mno. Sasa inawezekanaje mpangilio wa jaza moja ruka mbili ugeuke kuwa jaza moja ruka moja? Ingebidi lithiamu itoke kabisa kwenye nafasi moja, izunguke nje, na iingie kwenye nyingine. Mwaka 1969 Wafaransa N. Daumas na Albert Hérold walitoa jibu ambalo mpaka leo naliona kuwa miongoni mwa mawazo safi kabisa katika elimu ya kaboni. Walisema hakuna nafasi iliyo tupu kweli. Kila nafasi ina lithiamu, ila imejikusanya visiwa visiwa, na tabaka za kaboni zinajipinda kuvizunguka visiwa hivyo. Ukitazama sehemu moja utaona jaza moja ruka mbili. Ukisogea pembeni kidogo utaona hivyo hivyo, lakini nafasi zilizojazwa ni nyingine. Basi kubadilisha ngazi hakuhitaji ioni itoboe chochote. Visiwa vinateleza tu, kila kimoja ndani ya nafasi yake, na tabaka hujipinda na kujinyoosha vinapopita. Kaboni ngumu namna ile, na bado inakunjika kumpisha apitaye.

Kuyajua haya hakukuleta betri. Tangu mwaka 1926 Karl Fredenhagen na Gustav Cadenbach walikuwa wamekwisha kuingiza potasiamu katika kinywe kwa mvuke wake, wakapata kitu chenye rangi ya shaba nyeusi. Kuingiza kwa umeme, na kutoa, na kuingiza tena, ni kazi nyingine. Aliyeifanikisha kwa lithiamu ni Mwafrika. Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes nchini Morocco mwaka 1953, alikuwa mwanafunzi wa utafiti Grenoble, Ufaransa. Mwaka 1980 alionyesha kwamba lithiamu inaingia katika kinywe kwa umeme na kutoka ikiwa salama. Matokeo aliyachapisha na Philippe Touzain mwaka 1983. Ustadi wake ulikuwa katika kuchagua elektroliti. Majimaji yaliyotumiwa wakati huo yalikuwa yanakivunja kinywe, yeye akatumia plastiki ngumu inayopitisha ioni ikipashwa joto. Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Draper pamoja na John Goodenough, Yoshio Nishi na Akira Yoshino. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2019 ilipotolewa kwa kazi ya betri za lithiamu, jina lake halikuwemo. Tuzo ile haigawiwi kwa zaidi ya watu watatu, na sipingi ubora wa waliopewa, lakini ningependa mtoto anayesoma kemia sekondari huku mwambao wa Nyasa alijue jina la Yazami kabla hajayajua mengine.

Ile shida ya majimaji inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana humo ndimo ufundi ulimojificha. Kimiminika kilichopendwa na mafundi wa betri kiliitwa propileni kabonati. Hakigandi hata kwenye baridi kali, na kinayeyusha chumvi za lithiamu vizuri. Kasoro yake ni moja: ioni ya lithiamu inapoingia katika kinywe huingia na molekuli za kimiminika hicho zikiwa zimeing'ang'ania, na hizo ni kubwa mno, zinazipasua tabaka, kinywe kinachanika na kuporomoka. Ndugu yake, ethileni kabonati, amepungukiwa kikundi kimoja kidogo cha kaboni na haidrojeni. Huyu naye alidharauliwa kwa sababu chini ya nyuzi joto 36 hivi huwa kigumu, na nani anataka betri yenye kimiminika kilichoganda? Lakini mwaka 1990, nchini Kanada, Rosamaría Fong, Ulrich von Sacken na Jeff Dahn walionyesha kwamba ethileni kabonati inakilinda kinywe. Ikichanganywa na vimiminika vyepesi haigandi, na kinywe kinadumu. Mwaka uliofuata Sony walipoanza kuuza betri za lithiamu za kuchajiwa, bado walitumia kaboni ya aina nyingine. Kinywe kilishika nafasi baadaye, ethileni kabonati ikiwa imekifungulia njia.

Inakilinda kwa kufa. Katika chaji ya kwanza kabisa, kabla lithiamu haijaanza kuingia kwa wingi, elektroni zinazojikusanya juu ya kinywe huivunja ethileni kabonati iliyo jirani. Mabaki yake, pamoja na lithiamu kidogo, hutanda juu ya kaboni na kuwa utando wa nanomita chache hadi makumi kadhaa. Utando huo unapitisha ioni za lithiamu lakini hauzipitishi elektroni, wala molekuli za kimiminika. Ukishakamilika, uharibifu unajizuia wenyewe. Emanuel Peled aliufafanua utando wa namna hii mwaka 1979, na kwa maoni yangu hakuna sehemu ya betri inayodai ustadi mkubwa kuliko huu. Haununuliwi, haupakwi kwa mashine, hauwezi kukaguliwa kwa macho. Unaoteshwa.

Kiwandani kazi nyingine zote huenda kwa kasi. Unga wa kinywe hukorogwa kwa maji na gundi iliyotokana na selulosi ya mimea pamoja na mpira kidogo, uji wake hupakwa kwenye karatasi ya shaba yenye unene wa mikroni kumi au pungufu, hukaushwa, hushindiliwa kwa rola, hukatwa, huviringwa na kutiwa kopo. Mashine hazisimami. Kisha betri inafika kwenye chumba cha chaji ya kwanza, na hapo mbio zote zinakoma. Umeme unaingizwa polepole, kwa saa nyingi. Ukiharakisha, utando unakua na mapengo, mnene huku na mwembamba kule, na betri hiyo itakuwa dhaifu maisha yake yote. Baada ya chaji, betri huwekwa rafuni kwa siku kadhaa, pengine wiki, zikipimwa volti zake. Itakayoshuka kuliko wenzake inatolewa. Lithiamu inayozama katika utando haitarudi tena kazini, na hufika kama asilimia tano hadi kumi ya yote iliyowekwa. Fundi anajua kwamba anaipoteza. Anakubali, kwa kuwa bila hasara hiyo hakuna betri.

Kutoka hapo unaweza kuielewa simu yako. Inachaji kwa kasi hadi asilimia 80, kisha inajikokota, na wengi huilaumu chaja. Sababu kubwa iko kwenye kinywe: nafasi zilizobaki ni chache, ioni zinangojana kwenye kingo, na zikisukumwa kwa nguvu hazitaingia bali zitajipaka nje kama lithiamu tupu, ikaota miiba inayoweza kutoboa kitenganishi kilicho kati ya pande mbili za betri na kuwasha moto. Chombo kinachosimamia chaji kinajua kupunguza mwendo. Chaja ya bei ya chini isiyojua kupunguza ni hatari. Na betri iliyovimba, ambayo fundi simu yeyote wa Mbamba Bay ameiona ikiinua kioo, mara nyingi ni ile ambayo kimiminika chake kimevunjika kikatoa gesi, joto au chaji ya kupita kiasi vikiwa vimekwisha kuushinda utando. Hiyo haitobolewi ili itoe hewa. Inaachwa kutumiwa.

Nchi yetu ina kinywe kingi, na katika orodha za dunia za akiba ya madini haya Tanzania haikosi. Kipo Mahenge katika wilaya ya Ulanga, kipo Ruangwa mkoani Lindi, kipo Merelani, ambako tanzanaiti yenyewe imelala ndani ya miamba yenye kinywe. Ni mabaki ya viumbe na tope la bahari za kale, yaliyopikwa chini ya milima iliyokuwa ikiinuka zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kutoka mwamba hadi unga wa betri kuna hatua ambazo ningependa tuzijue kwa mikono yetu. Kipande cha kinywe ni bapa, na lithiamu huingia kwa ukingoni tu. Kikipakwa kilivyo, kitalala chali juu ya shaba na kuzificha kingo zake. Kwa hiyo huzungushwa kwenye vinu vya upepo mpaka kikunjike na kuwa kidonge cha mviringo cha mikroni 10 hadi 20, kingo zikielekea kila upande. Kazi hiyo hula kinywe kingi. Mara nyingi nusu yake au zaidi hubaki kama vumbi lisilofaa kwa betri. Kisha husafishwa kwa asidi kali au moto hadi kifike asilimia 99.95. Sehemu kubwa mno ya kazi hii hufanyika China. Sioni sababu ya kudumu ya kutofanyika Morogoro au Lindi. Ila tusijidanganye kwamba shimo la mgodi ndilo lenye ufundi.

Lithiamu si pekee katika ukoo wake. Sodiamu imo kwenye chumvi ya mezani, imo kwenye magadi ya Ziwa Natron, na imechimbwa Magadi, Kenya, kwa zaidi ya karne. Ingekuwa rahisi kama ingeingia katika kinywe. Haiingii, au huingia kidogo mno. Wa kwanza kusikia hili hudhani ni ukubwa wa ioni, lakini potasiamu ni kubwa zaidi na inaingia vizuri, moja kwa kila kaboni nane, tabaka zikiachana hadi nanomita 0.535. Ni mahesabu ya nguvu: kuachanisha tabaka kuna gharama, na sodiamu ikishafika ndani mshikamano wake na kaboni ni dhaifu kuliko wa wenzake wote wa ukoo huo, kwa hiyo haiwezi kuilipa gharama hiyo. Lithiamu, iliyo ndogo, inailipa. Potasiamu, iliyo kubwa, inailipa. Ya katikati inashindwa.

Sodiamu inataka kaboni iliyovurugika. Mwaka 1951 Rosalind Franklin, aliyekuwa amewahi kuchunguza makaa ya mawe, alionyesha kwamba kaboni ziko za aina mbili: zile ambazo ukizichoma zaidi na zaidi hujipanga na kuwa kinywe, na zile ambazo hata kwa nyuzi 3,000 hubaki na tabaka fupi fupi zilizopinda, zimekingamana, zimeacha vishimo katikati. Kaboni ya mbao iko katika kundi hili la pili. Sukari pia, na vifuu vya nazi. Mwaka 2000 D. A. Stevens na Jeff Dahn, yule yule wa ethileni kabonati, walichoma glukosi na kupata kaboni ya kundi hilo, iitwayo kaboni ngumu, iliyopokea sodiamu kwa miliampea-saa 300 hivi kwa gramu. Tangu hapo watafiti wamechoma karibu kila kitu kinachoota: maganda ya ndizi, pumba za mpunga, makapi ya kahawa. Wapo waliochoma makaa ya mawe. Mtu aliyewahi kupita Mbinga wakati wa kukoboa kahawa, akaona makapi yalivyorundikwa, hawezi kuisoma orodha hiyo bila kusimama.

Uchomaji wenyewe si ule wa tanuri la mkaa, ingawa unaanzia hapo. Makapi huoshwa kwa asidi kutoa majivu, huchomwa mahali pasipo hewa, kisha joto hupandishwa nyuzi chache kwa dakika hadi 1,200 au 1,400. Likiwa dogo, kaboni hubaki na matundu yaliyo wazi, kimiminika huingia na utando hula sodiamu yote. Likizidi, tabaka hukaribiana na mlango hufungwa. Kuipata nyuzi iliyo sawa kwa kila aina ya mmea ni kazi ya kujaribu na kuandika, kujaribu na kuandika.

Na hata ikishapatikana, sodiamu inakaa wapi hasa? Inapoingia, volti hushuka kwanza kwa mteremko, kisha hunyooka karibu na sifuri. Stevens na Dahn walisema kwenye mteremko ioni zinaingia kati ya tabaka, na kwenye sehemu iliyonyooka zinajaza vishimo. Wengine waliokuja baadaye wakageuza: kwenye mteremko zinashika kasoro na kingo, kwenye unyoofu ndipo zinapoingia kati ya tabaka. Wengine wanachanganya yote mawili. Mabishano hayo hayajaisha. Maabara mbalimbali huiweka betri inayochajiwa mbele ya mionzi ya eksirei na kupiga picha moja baada ya nyingine, chaji ikienda taratibu kwa saa 20 au zaidi, ili waone ni lini nafasi kati ya tabaka inatanuka na ni lini vishimo vinaanza kujaa.